Video ya wima: kulinganisha vipimo kati ya Premiere Pro na After Effects

Maandishi yamekatwa pembeni. Nembo ya mteja imenenepa. Uzi mweusi umebaki chini ya skrini, na mwendo wa michoro unashtuka kila baada ya fremu chache. Ukihariri video ya wima katika Premiere Pro huku michoro yake jongefu ikitengenezwa After Effects, utakutana na moja ya haya, pengine yote kwa siku moja. Chanzo karibu kila mara ni kilekile: programu mbili zimepewa namba zisizofanana, kisha tofauti hiyo ikafichwa kwa kuvuta picha mpaka itoshee. Kuvuta hutatua kinachoonekana leo na huleta kingine kesho, hasa mteja anapoomba marekebisho na komposisheni (fremu ya kazi ya After Effects) inafunguliwa upya.

Mwongozo huu unatumia majina ya menyu kama yanavyoonekana kwenye programu zenyewe, kwa Kiingereza. Vitufe vilivyotajwa ni vya Windows. Kwenye Mac, vingi hutumia Cmd badala ya Ctrl, ingawa si vyote.

Namba tano za kuandika kabla ya kufungua chochote

Ziandike kwenye karatasi au kwenye jina la folda ya kazi: upana, kimo, uwiano wa pikseli, fremu kwa sekunde, na muda.

Kwa TikTok, Reels, Shorts na Status ya WhatsApp, upana ni 1080 na kimo ni 1920. Huo ni uwiano wa 9:16. Kuuhakiki ni rahisi: 1080 ukigawa kwa 9 unapata 120, na 1920 ukigawa kwa 16 unapata 120. Ukikuta majibu mawili tofauti, vipimo ulivyopewa si vya 9:16, hata kama vinakaribia.

Je, utengeneze kwa 4K ya wima, yaani 2160 kwa 3840? Isipokuwa mteja ameomba, hapana. Kila fremu inakuwa na pikseli mara nne zaidi, kompyuta ya kawaida inaanza kulemewa, na mtazamaji wa simu haoni tofauti inayostahili mzigo huo.

Uwiano wa pikseli ni "Square Pixels" daima, maana yake 1.0. Orodha ya programu bado ina viwango vya zamani vya televisheni kama "D1/DV PAL (1.09)", na kuvichagua kwa bahati mbaya ndiko kunakonenepesha nembo. Usiviguse.

Fremu kwa sekunde zinataka uamuzi. Afrika Mashariki umeme ni wa 50 Hz na televisheni zetu zimefuata fremu 25. Kama video itarushwa pia kwenye runinga, piga picha kwa 25, hariri kwa 25, chora kwa 25. Kama ni ya simu tu na imepigwa kwa simu, 30 inafaa. Mpiga picha akitumia 30 chini ya taa za umeme wetu, aweke shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu) 1/50 au 1/100, la sivyo taa zitapepesa na hakuna programu itakayoondoa kasoro hiyo vizuri. Muhimu ni kwamba namba iliyochaguliwa ndiyo itumike kote. Komposisheni ya 25 ikiwekwa kwenye sikwensi (taimlaini ya kuhariria ya Premiere) ya 30, Premiere inalazimika kurudia fremu moja baada ya kila tano, na hapo ndipo mwendo laini wa maandishi unapoanza kushtuka. Tofauti ya 30 na 29.97 ni ndogo lakini ipo: inafika fremu moja kila baada ya fremu elfu moja, karibu sekunde 33. Kwa tangazo la sekunde 15 huioni. Kwa video ya dakika tatu yenye michoro inayofuata mdundo wa muziki, utaanza kuihisi.

Upande wa Premiere Pro

Kosa la kwanza hutokea dakika ya kwanza: klipu inaburutwa kwenye taimlaini tupu na Premiere inaunda sikwensi kwa vipimo vya klipu hiyo. Ikiwa klipu ni ya mlalo, sikwensi nayo inalala. Ikiwa imetoka kwenye simu, unaweza kupata fremu 29.97 au namba ya ajabu zaidi. Kwa hiyo unda sikwensi kwa mkono.

1. Bonyeza Ctrl+N na uingie kwenye kichupo cha "Settings".
2. Kwenye "Editing Mode" chagua "Custom". Bila hiyo, baadhi ya nafasi hazikubali kubadilishwa.
3. "Timebase": 25 au 30, kama ulivyoamua.
4. "Frame Size": 1080 upande wa "horizontal", 1920 upande wa "vertical". Watu wengi huzigeuza hapa.
5. "Pixel Aspect Ratio": "Square Pixels (1.0)". "Fields": "No Fields (Progressive Scan)".
6. Bofya "Save Preset" uipe jina linalojieleza, mfano WIMA_1080x1920_25. Kazi ijayo utaanzia hapo.

Ukiweka klipu ya kwanza, Premiere itauliza kama ibadilishe sikwensi ili ifanane na klipu. Jibu ni "Keep existing settings".

Sasa ingia "Preferences", kipengele cha "Media", uangalie "Default Media Scaling". Hapa pana mtego unaostahili kueleweka vizuri. "Scale to Frame Size" huigeuza picha yenyewe iwe na ukubwa wa sikwensi, huku namba ya "Scale" ikiendelea kusoma 100. Klipu ya 4K inapoteza pikseli zake za ziada, na ukiivuta baadaye inapata ukungu ingawa faili la asili lilikuwa na ubora wa kutosha. "Set to Frame Size" hubadilisha namba ya "Scale" tu na kuacha pikseli zote mahali pake. Chagua hiyo ya pili, au "None" kama unapenda kuweka namba mwenyewe. Mabadiliko haya yanagusa klipu utakazoingiza baada yake. Zilizokwisha ingia zirekebishe kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kila klipu na kuchagua "Set to Frame Size".

Namba za "Scale" za kukumbuka kwenye sikwensi ya 1080 kwa 1920: klipu ya mlalo ya 1920 kwa 1080 inahitaji 178 ili ijaze kimo, na hapo umeshaivuta kupita uwezo wake. Ikiachwa ionekane yote kwa upana, ni 56.25, na utabaki na nafasi tupu ya pikseli 656 juu na nyingine kama hiyo chini. Klipu ya mlalo ya 4K, 3840 kwa 2160, inajaza fremu kwa 89 tu, bila kuvutwa. Ndiyo maana ni busara kumwomba mpiga picha apige 4K ikiwa anajua kuwa video ya mlalo itakatwa kuwa ya wima. Hata hivyo utabaki na theluthi moja tu ya upana wa picha, basi mhusika akae katikati. Klipu ya wima ya 2160 kwa 3840 inakaa kwa 50 kamili.

Ukitumia "Auto Reframe Sequence" kugeuza kazi ya mlalo, fungua "Sequence Settings" ya sikwensi mpya usome vipimo vyake kabla ya kuendelea. Uwiano wa 9:16 peke yake hauhakikishi kuwa umepata 1080 kwa 1920.

Upande wa After Effects

Bonyeza Ctrl+N. Dirisha la "Composition Settings" linafunguka likiwa na vipimo vya mwisho ulivyotumia, mara nyingi 1920 kwa 1080, na kisanduku cha "Lock Aspect Ratio" kikiwa na tiki. Ondoa tiki hiyo kwanza. Ukiiacha na kuandika 1080 kwenye upana, kimo kitajibadilisha kuwa 608, kwa sababu programu inalinda 16:9. Ukirudi kuandika 1920 kwenye kimo, upana unaruka hadi 3413. Mtu asiyejua hubaki anazunguka hapo, au anakubali namba iliyotokea na kwenda kuivuta Premiere.

Tiki ikishaondoka: upana 1080, kimo 1920, "Square Pixels", "Frame Rate" sawasawa na ya Premiere, "Resolution" iwe "Full". Matoleo ya miaka ya karibuni yana kiolezo kiitwacho "Social Media Portrait HD" chenye vipimo hivyohivyo kwa fremu 30. Kama kazi yako ni ya 25, kitumie kisha badilisha fremu. Kwenye "Duration" ongeza sekunde moja au mbili juu ya unachohitaji. Mhariri akirefusha klipu kidogo, komposisheni iliyokatwa kwa usahihi mno itaishia ghafla.

Kuhakiki, bofya komposisheni mara moja kwenye paneli ya "Project". Juu ya paneli utasoma 1080 x 1920 (1.00), na chini yake muda na fremu. Ile 1.00 ndiyo uwiano wa pikseli. Katika Premiere habari hizo ziko kwenye safu ya "Video Info" ukitazama paneli ya "Project" kwa mtindo wa orodha. Zisome pande zote mbili kwa macho yako.

Fremu ya majaribio

Hatua hii huchukua dakika chache na huokoa siku nzima, nasi tunaisisitiza kuliko nyingine zote. Kabla ya kuchora chochote, tengeneza ndani ya komposisheni yako leya (matabaka) tatu:

Ya kwanza ni mstatili wa leya ya umbo, wenye ukubwa wa 1070 kwa 1910 na mstari wa pikseli 10, rangi kali, bila kujazwa. Mstari huo hukaa nusu ndani na nusu nje ya umbo, kwa hiyo ukingo wake wa nje unagusa 1080 kwa 1920 kamili. Ya pili ni duara la pikseli 800 katikati. Ya tatu ni maandishi yanayosema namba zako: "1080x1920, fremu 25".

Peleka komposisheni hiyo Premiere, iweke kwenye sikwensi, acha "Scale" 100, na utazame. Mstari ukionekana pande zote nne na duara likiwa mviringo, mko sawa. Mstari usipoonekana upande wowote, komposisheni ni kubwa kuliko sikwensi au kuna kitu kimeivuta. Ukionekana ukiwa ndani, na weusi kuuzunguka, komposisheni ni ndogo. Duara likiwa kama yai, uwiano wa pikseli umekosewa upande mmoja. Ukibaki na mstari mwembamba wa rangi usio na upana sawa pande zote, "Position" imesogezwa. Kwenye sikwensi hii katikati ni 540 na 960.

Kuvusha michoro: njia mbili

Njia ya kwanza ni Dynamic Link, yaani kiungo cha moja kwa moja kati ya programu hizi mbili. Katika Premiere nenda "File", "Adobe Dynamic Link", kisha "New After Effects Composition". Komposisheni itakayofunguka inarithi vipimo, uwiano wa pikseli na fremu za sikwensi, ndiyo maana sikwensi inapaswa kuwa sahihi kabla. Vivyo hivyo ukichagua klipu na kutumia "Replace With After Effects Composition". Tumia matoleo ya mwaka mmoja kwa programu zote mbili, na hifadhi faili la After Effects ndani ya folda ya kazi, kwani likihamishwa kiungo kinakatika. Taimlaini ikizidi kuwa nzito, bofya kulia kwenye klipu uchague "Render and Replace".

Jambo moja husahaulika: Premiere hupokea pikseli kutoka After Effects, haipokei michoro ya vekta (inayokuzwa bila kupoteza ukali). Nembo kali ya Illustrator iliyomo ndani ya komposisheni itapata ukungu ukiivuta Premiere hadi 150. Rudi After Effects, ikuze huko, na uwashe swichi ya "Continuously Rasterize" ya leya hiyo.

Njia ya pili, inayofaa mhariri na mchoraji wanapotumia kompyuta tofauti, ni kurenda (kutoa kama video) faili lenye uwazi, yaani mandhari yanayoonyesha kilicho chini yake. Bonyeza Ctrl+M. Kwenye "Render Settings" chagua "Best Settings" na uhakikishe "Resolution" ni "Full". Ukiacha "Current Settings" wakati ulikuwa unatazama kwa "Half" ili kompyuta ipumue, utapata faili la 540 kwa 960, na huu ni mmoja wa mikosi inayowapata hata wenye uzoefu. Kwenye "Output Module" weka QuickTime, kodeki (njia ya kubana video) ya Apple ProRes 4444, "Channels" iwe "RGB + Alpha", na "Color" iwe "Straight (Unmatted)". "Resize" na "Crop" ziwe hazina tiki. H.264, kodeki ya kawaida ya video za mtandaoni, haibebi uwazi. Ukirenda nayo, nembo itafika ikiwa na mandhari nyeusi. Na ukiona kingo za maandishi zina kivuli cheusi kisichokuwepo After Effects, faili lilirendwa kwa "Premultiplied" badala ya "Straight". Renda upya.

ProRes 4444 hutoa mafaili makubwa. Renda vipande vyenye michoro tu, usirende komposisheni ya dakika mbili yenye jina la mgeni kwa sekunde tano.

Violezo vya michoro

Kiolezo cha MOGRT (faili la "Motion Graphics Template") kilichotengenezwa kwa 1920 kwa 1080 kikiwekwa kwenye sikwensi ya wima kinakaa katikati kikiwa na upana wake wote, na pikseli 420 kila upande zinaangukia nje. Jina la mgeni lililokuwa kushoto linapotea. Kukipunguza hadi 56.25 kunakirudisha ndani, ila maandishi ya pikseli 60 yanakuwa 34, na kwenye simu hayasomeki. Fungua mradi wake After Effects, tengeneza nakala ya wima, upange maandishi upya, kisha uitoe kwa "Export Motion Graphics Template".

Kama unajua kiolezo kitatumika kwa maumbo mbalimbali, funga nafasi ya leya kwa fomula badala ya namba. Shikilia Alt ubofye alama ya saa ya "Position", kisha andika:

[thisComp.width/2, thisComp.height*0.6]

Leya itabaki katikati kwa upana na kwenye asilimia 60 ya kimo, iwe 1080 kwa 1920, 1080 kwa 1350 au mraba.

Vipimo sahihi, maandishi yaliyofunikwa

Fremu inaweza kulingana kikamilifu na bado ujumbe ukafunikwa na vitufe vya mtandao wenyewe. Meta hushauri kwa matangazo ya Reels kuacha 14% juu, 35% chini na 6% kila upande. Kwa 1920 hiyo ni pikseli 269 juu na 672 chini. Kwa upana ni 65. Upande wa kulia tunashauri uache 140, kwa kuwa vitufe vya kupenda, maoni na kushiriki hukaa hapo. Washa rula kwa Ctrl+R katika After Effects, buruta mistari ya mwongozo kwenye namba hizo, na ufanye vilevile Premiere kupitia menyu ya "View". Maandishi yasishuke chini ya pikseli 40: kwenye simu yenye skrini ya upana wa sentimita 7, pikseli 40 ni kama milimita mbili na nusu.

Kuokoa kazi iliyokwisha chorwa kwa mlalo

Nakili komposisheni kwa Ctrl+D ili ya asili ibaki salama. Fungua nakala, bonyeza Ctrl+K, ondoa tiki ya "Lock Aspect Ratio", weka 1080 na 1920. Kwenye kichupo cha "Advanced" hakikisha "Anchor" iko katikati. Leya zitabaki katikati, lakini mandhari za rangi zilizokuwa na kimo cha 1080 zitaacha pengo la pikseli 420 juu na chini. Kwa kila moja bonyeza Ctrl+Shift+Y na ubofye "Make Comp Size". Kumbuka kufanya hivyo ndani ya kila komposisheni iliyofichwa ndani ya nyingine, kwani kubadilisha ya nje hakugusi za ndani.

Kama kosa ni la ukubwa tu, mfano 2160 kwa 3840 inayotakiwa kuwa 1080 kwa 1920, nenda "File", "Scripts", "Scale Composition.jsx" na uandike 0.5. Skripti hiyo hupunguza leya zote kwa pamoja. Haibadilishi mlalo kuwa wima.

Kutoa faili la mwisho

Usichague kiolezo cha "YouTube 1080p Full HD". Ni cha 1920 kwa 1080, na video yako itawekwa katikati yake kama kibanzi chenye weusi pande mbili. Chagua H.264 pamoja na "Match Source", kisha usome namba: 1080 kwa 1920, "Progressive", "Square Pixels", fremu zilezile. Bitireti (kiasi cha data kwa sekunde) ya Mbps 12 inatosha vizuri kwa fremu 25 au 30, na kila dakika itakuwa kama MB 90. YouTube yenyewe inapendekeza 8 kwa ubora huu, kwa hiyo kupanda hadi 40 ni kupoteza bando la kupakia.

Faili likitoka, lifungue kwenye VLC na ubonyeze Ctrl+J. Soma "Video resolution" na "Frame rate". "Buffer dimensions" inaweza kuonyesha namba kubwa kidogo kama 1088; ipuuze, H.264 hugawa picha kwa vipande vya pikseli 16 na 1080 haigawanyiki sawasawa.

Ukimtumia mteja au mhariri mwenzako kwa WhatsApp, tumia chaguo la "Document". Ukituma kama video ya kawaida, programu hiyo itabana faili na kupunguza vipimo, na atakayeipokea akiiweka kwenye sikwensi ya 1080 kwa 1920 atakuta pengo jeusi na kuanza kutafuta kosa kwenye komposisheni isiyo na kosa.